Vinywa vya Kilpeck

Kanisa la Mtakatifu Maria na Mtakatifu Daudi, kijijini Kilpeck huko Herefordshire, Uingereza, ni dogo: ukumbi wa waumini, sehemu ya padri, na upande wa mashariki chumba cha nusu duara chenye altare. Lilijengwa mnamo mwaka 1140 hivi, jirani kabisa na ngome ya Wanormani. Wageni husifia wingi wa michongo yake. Kwangu mimi, wingi huo umefuata wazo moja tu ambalo mchongaji hakuliachia: kinywa.

Uangalie mlango wa kusini. Kwenye kichwa cha nguzo ya kulia, uso wa mtu unatapika majani. Pembeni, nyoka wamefuatana kwa kumezana mikia, mmoja baada ya mwingine, hata huoni pa kuanzia. Juu, upinde umepangwa vichwa vya wanyama na midomo ya ndege. Ukizunguka upande wa magharibi, vichwa vya majoka vimechomoza ukutani, taya wazi, ulimi umejikunja. Jiwe lenyewe, jekundu na gumu, limeyatunza makali ya tindo kiasi kwamba mistari mingi ni kama ya juzi.

Katikati ya ulafi huo wote, palipo juu kabisa ya kichwa cha anayeingia, pana mzabibu. Umesimama wima na zabibu zake, hauna jicho wala jino. Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo, kwa maana mti huu ungekuwa pambo la kawaida kama usingezungukwa na viumbe wenye njaa. Anayeingia anapita katikati ya walaji kukifikia chakula.

Vichwa vinavyobeba ukingo wa paa, 85 vilivyobaki, ni habari nyingine. Nafasi kati yao ina mizani ya shairi, ila vina vimekataliwa kwa makusudi: kila kichwa kinakuja na sauti yake. Mbwa wa kuwinda na sungura wamebanana kwenye jiwe moja, wapole kama ndugu, na hakuna anayemfukuza mwenzake. Kuna pia yule mwanamke maarufu aitwaye Sheela-na-gig, anayepanua uchi wake kwa mikono miwili. Wako wasemao ni onyo dhidi ya zinaa, wengine kinga dhidi ya husuda. Ninachokiona mimi ni kinywa kingine tena, na kimechongwa bila aibu.

Ndani kuna ukimya. Kwenye upinde wa kuingilia sehemu ya padri, watakatifu wamepandishwa mmoja juu ya mwingine, watatu kila upande, mikunjo ya kanzu imenyooka kama mifereji. Ungedhani mchongaji ametubu. Lakini inua macho juu ya altare: mbavu za dari zinapokutana, amepachika vichwa vya simba.