Besi Kwanza: Namna ya Kuipima Isicathamiya Jukwaani Durban

Kikundi unachokipenda ndicho kigumu kuliko vyote kukipima. Nyimbo zao unazijua kwa moyo, kwa hiyo sikio linajazia pale sauti ilipopungua, na unatoka ukumbini ukisifu onyesho ambalo nusu yake umeliimba mwenyewe kimoyomoyo. Nasema hivi kwa wapenzi wa Ladysmith Black Mambazo, ambao kwetu Afrika Mashariki si haba, na kwa yeyote atakayejaliwa kufika Durban akaisikia isicathamiya nyumbani kwake.

Huu ni muziki wa mashindano tangu zamani. Wanaume wa Kizulu waliotoka vijijini kwenda kufanya kazi bandarini, viwandani na majumbani mwa watu waliishi kwenye mahosteli, na Jumamosi usiku vikundi vyao vilikutana kupambana kwa sauti tupu, bila ala, hadi kunakucha. Durban, ukumbi uliovuma kwa miongo mingi ni ule wa YMCA wa Mtaa wa Beatrice, mtaa ambao siku hizi unaitwa Charlotte Maxeke. Fedha za zawadi zilitoka kwenye viingilio walivyolipa waimbaji wenyewe. Mtu wa pwani atakumbuka ngoma za beni za Lamu na Mombasa, vikundi vya Kingi na Skochi na sare zao za kijeshi, na ataelewa upesi kwa nini mabishano ya nani kashinda hayakuisha asubuhi.

Kulikuwa na desturi moja ya ajabu. Jaji aliokotwa mitaani, mara nyingi Mzungu asiyejua Kizulu wala asiyekijua kikundi hata kimoja, ili asiwepo wa kumpendelea. Ina uchungu wake, weusi wa enzi ya ubaguzi kukesha wakingoja hukumu ya mpita njia mweupe. Lakini kwa msikilizaji mgeni ina faida ya kuazima: yule jaji hakuwa na kipenzi, na hakuwa na la kutegemea ila macho na masikio. Nawe kaa hivyo, angalau kwa nyimbo mbili za kwanza.

Anza na besi. Kiongozi amesimama mbele, ana sauti nyembamba inayopaa, na ndiye atakayepigiwa vigelegele. Kiongozi ni mchuzi, wali ni besi. Katika kikundi cha watu kumi, huenda saba wakawa besi, na watatu waliobaki wakagawana uongozi, alto na tenori. Solomon Linda na kikundi chake cha Evening Birds, waliorekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939, ni miongoni mwa walioonyesha kinachowezekana besi zikirundikwa namna hiyo chini ya sauti moja ya juu. Watu saba hao wasisikike saba. Ukiweza kumtenga mmoja kwa sikio, kwamba huyu wa kushoto ana sauti ya mkwaruzo na yule wa kati anawahi, basi mazoezi bado.

Kisha ngoja washushe sauti. Hapa ndipo penye kazi. Kila kikundi kinajua kupaza. Miaka ya 1940 kulikuwa na mtindo mzima wa kupaza, isikhwela jo, ambao watu waliulinganisha na mabomu ya vita. Uimbaji uliokuja kushika chati baadaye ulikwenda njia nyingine, ya ulaini, na hakuna aliyeufikisha mbali kama Joseph Shabalala wa Ladysmith Black Mambazo, aliyesimulia maisha yake yote kwamba mwaka 1964 aliota ndoto za sauti zilizopangika namna ambayo hajapata kuisikia, akaamka na kuanza kuwafundisha wenzake upya. Kikundi chake kilishinda mno hata, kwa maelezo yao wenyewe, kikakatazwa kushindana. Kiliruhusiwa kuja kuimba tu. Redio ikakirusha hewani mwaka 1970, mkataba ukapatikana, santuri ya *Amabutho* ikatoka mwaka 1973. Mwanamuziki Paul Simon alipowaita kwenye albamu yake ya *Graceland*, iliyotoka mwaka 1986, walikuwa wakubwa nyumbani kitambo.

Kwa hiyo sauti inaposhuka, uliza: uzito umebaki? Besi dhaifu zikipunguzwa hupoteza pumzi, maneno yanaanza kumezwa, na ufunguo unateleza. Besi nzuri zikishuka bado unazisikia kifuani. Waliozoea kwaya za Wasabato, zile zinazoimba bila kinanda, wana sikio tayari kwa jambo hili, wasidhani wanahitaji elimu mpya.

Kuhusu ufunguo kuna mtego mdogo. Hakuna chombo cha kuwakumbusha. Kiongozi anatoa noti, wanadaka, wanakwenda. Ishike noti ile ya kwanza kichwani, uipige mluzi wa ndani kwa ndani, kisha wimbo ukiisha linganisha. Kushuka kidogo katika wimbo mrefu ni ubinadamu. Kushuka wote pamoja, kwa kiasi kimoja, hakuniudhi. Kinachoniudhi ni kiongozi kubaki juu huku besi zimeshateremka, na yeye akijifanya hasikii.

Kizulu kina konsonanti za kugonga ulimi, zinazoandikwa c, q na x, na hizi ni kipimo ambacho kanda haikupi vizuri kama ukumbi. Kaa safu za mbele. Neno lenye q likitoka vinywani mwa watu saba linapaswa kugonga mara moja tu, kama mtu kavunja kijiti. Ukisikia mchakacho, wa kwanza, wa pili, wa tatu, usitafute ushahidi mwingine. Huhitaji kujua maana ya neno hilo.

Nyimbo nyingi huanza polepole, mapigo hayashikiki, karibu na nyimbo za kanisani; kisha mapigo yanatulia, kiongozi anaita, kundi linaitikia, na miguu inaingia. Wageni husubiri miguu. Mimi nasubiri kiungo, ile sekunde ya kutoka huku kwenda kule. Vikundi vya kawaida husimama, vikavuta pumzi, vikaanza upya, na unaiona kabisa alama ya mshono. Vikundi vizuri mapigo yamekwishaanza kabla hujatambua. Mguu wa kwanza ukiinuka unakuta mwili wako ulishahesabu.

Na miguu yenyewe? Usiangalie inavyopanda, angalia inavyotua. Husimuliwa kwamba hatua hizi za kunyata zilizaliwa kwenye makambi ya wafanyakazi, ambako kishindo kingewaamsha walinzi. Mguu uende hadi usawa wa kichwa, urudi sakafuni bila kishindo, na sauti isitikisike. Mtazame mtu wa mwisho wa mstari, si wa katikati. Wa katikati ana wenzake pande zote wa kuwaiga. Wa mwisho ana upande mmoja tu.

Mavazi yana alama zake: suti za sare, glavu nyeupe, viatu vya rangi mbili, kama akina Linda walivyovaa suti zao za mistari. Yapendeze, yameisha. Nimeona watu wakihukumu kwa kunyooka kwa suruali.

Jambo la mitambo ni zito kuliko linavyozungumzwa. Kwenye ukumbi wa Playhouse, pale katikati ya jiji, nako huandaliwa mashindano ya isicathamiya, na kwenye matamasha makubwa ya Mambazo kila mwimbaji ana maikrofoni yake. Basi uwiano unaousikia ni kazi ya fundi mitambo kama ilivyo ya kikundi. Besi ikizidi, huenda kidole cha mtu mmoja nyuma ya ukumbi ndicho kilichozidi. Kwenye ukumbi mdogo usio na maikrofoni kikundi kinajipima chenyewe, na hapo ndipo sifa na lawama zinapokwenda kwa mwenyewe. Mwenye uwezo wa usiku mmoja tu Durban, na nafasi ya kuchagua, namshauri achague ukumbi mdogo na vikundi asivyovijua hata jina.

Shabalala alistaafu mwaka 2014 akafariki Februari 2020, na wanawe wamo kwenye uongozi. Mashabiki wa zamani hulalamika kwamba sauti ya mbele si ile. Haiwezi kuwa ile. Hoja ni kama safu ya nyuma bado inashuka pamoja bila kupoteza uzito, na hilo mtu halipimi kwa kukumbuka santuri.

La mwisho, usipige makofi mapema. Kwenye mashindano vikundi huingia vikiimba na kutoka vikiimba, na watu wakishaona migongo huanza mazungumzo. Nyamaza uwasikilize wakiondoka. Hawana tena mtu wa kumtazama usoni, pumzi imekwisha, mstari unapinda kwenye ngazi za jukwaa, na kiongozi ameshapita mlangoni. Kama besi bado ni moja, waandikie alama.