Kamati za Bunge na Fimbo ya Operesheni: Somo la Tokomeza kwa Makada wa Bukoba na Muleba

Kukosoa, katika mila ya Chama chetu, si kutafuta mtu wa kumzomea. Ni kutafuta mzizi wa kosa ili kosa lisirudiwe. Kwa kipimo hicho tuipime kazi moja ya Bunge ambayo wengi wanaihesabu kuwa ushindi mkubwa wa usimamizi wa Serikali: taarifa ya Kamati ya Kudumu ya Ardhi, Maliasili na Mazingira kuhusu Operesheni Tokomeza, iliyosomwa Dodoma tarehe 20 Desemba 2013 na Mwenyekiti wake, Ndugu James Lembeli.

Shabaha ya operesheni yenyewe ilikuwa ya haki. Tembo wa nchi hii walikuwa wakiteketea: kutoka takriban 109,000 mwaka 2009, hesabu ya mwaka 2014 ilikuta takriban 43,000. Huo ulikuwa wizi wa mali ya umma, na nyuma ya jangili mwenye bunduki alikuwapo tajiri mwenye soko la nje. Serikali ilipopeleka jeshi, polisi na askari wa wanyamapori mwezi Oktoba 2013, hakuna mzalendo aliyepaswa kuhuzunika.

Lakini fimbo iliyoinuliwa kwa ajili ya jangili iliwashukia wanakijiji. Vilio vya vifo, mateso, udhalilishaji wa wanawake na kuuawa kwa mifugo vilifika Bungeni, na mwanzoni mwa Novemba operesheni ikasimamishwa. Kamati ikaenda kwa wananchi, ikawasikiliza, ikarudi na kusema hadharani iliyoyasikia. Siku ile ile taarifa iliposomwa, mawaziri wanne waliondoka: Ndugu Khamis Kagasheki wa Maliasili na Utalii, aliyekuwa pia Mbunge wa Bukoba Mjini, alitangaza kujiuzulu, Ndugu Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi na Mathayo David Mathayo wa Maendeleo ya Mifugo na Uvuvi, uteuzi wao ulitenguliwa na Rais Kikwete.

Sifa tuitoe inapostahili. Kamati iliutanguliza umma mbele ya vyeo, ingawa wenye vyeo na wengi wa wanakamati walikuwa wa Chama kimoja. Huo ni ujasiri ambao kada anapaswa kuuiga.

NANI, AU KWA NINI?

Upungufu unaanzia hapo hapo. Kamati ilitoa mapendekezo, lakini uzito wote wa mjadala uliangukia majina manne. Swali lililoshika ukumbi lilikuwa "nani awajibike?" Swali la "kwa nini chombo cha Serikali kinapokutana na mkulima, mfugaji au mvuvi kinamwona kwanza kama mtuhumiwa?" lilibaki pembeni. Waziri akiondoka, anayekuja anarithi ofisi ile ile, sheria zile zile, na mazoea yale yale ya kutawala kwa msako. Hata Tume iliyoongozwa na Jaji mstaafu Hamisi Msumi ilipomaliza kazi mwaka 2015, Ikulu ilieleza kuwa mawaziri hao hawakukutwa na hatia yao binafsi. Kama ni hivyo, kosa lilikuwa la nani? Lilikuwa la utaratibu, na utaratibu hauwezi kujiuzulu.

Ushahidi wa jambo hili tusiutafute mbali. Twende ziwani.

RULA MEZANI

Mmoja wa wanne walioondoka mwaka 2013 alikuwa Waziri wa uvuvi. Miaka mitano baadaye, sekta ile ile ilianzisha Operesheni Sangara 2018 katika Ziwa Victoria. Hapa pia shabaha ilikuwa ya haki. Sangara chini ya sentimita 50 hajazaa vya kutosha, na aliyezidi sentimita 85 ni mzazi. Kokoro na nyavu za macho madogo zinakomba mpaka mbegu. Ziwa likifa, Bumbire, Kerebe, Goziba na Ikuza havina shamba la pili.

Lakini tazama njia iliyotumika. Nyavu zilichomwa na faini zikatozwa. Ni kweli kwamba wenye viwanda na wafanyabiashara nao walitozwa. Hata hivyo, faini haina uzito mmoja kwa kila tabaka. Mwenye kiwanda huiandika katika hesabu za mwaka. Tajiri mwenye mitumbwi hununua nyavu nyingine na kukata gharama katika mgao. Kibarua anayevua usiku kwa mtumbwi usio wake, kwa nyavu asizozichagua, ndiye anayekutwa nazo mkononi. Minofu inasafiri Ulaya, mapanki yanabaki mwaloni, na kesi inabaki naye.

Mwezi Juni 2018 maofisa wa uvuvi waliingia na rula katika mgahawa wa Bunge Dodoma, wakawapima samaki waliopikwa. Wabunge walikasirika, na Bunge zima likazungumza. Tusiwacheke, tujifunze. Kilichowaudhi Wabunge kwa siku moja ndicho mvuvi wa Muleba alichokuwa akikutana nacho kwa miezi: ofisa anakuja na kipimo, anapima, anaadhibu, anaondoka. Usimamizi unaoamka rula inapofika kwenye sahani ya msimamizi umechelewa sana.

USIMAMIZI HUANZA KABLA YA MSAKO

Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Kazi hiyo ina mahali pake, na mahali pa kwanza ni kanuni. Kipimo cha jicho la wavu na kiasi cha faini kwa sehemu kubwa viko katika kanuni anazotunga Waziri, nazo hupata nguvu zikishachapishwa katika Gazeti la Serikali. Gazeti hilo halifiki Goziba. Kamati inayongoja kanuni ifike mezani imeshamwacha mvuvi aijue kwa moshi wa nyavu zake.

Mahali pa pili ni mipaka. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalifanywa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na mkoani Kagera zikaanzishwa pia hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Sheria inataka ridhaa ya Bunge kabla ya kutangaza hifadhi. Hapo ndipo Mbunge anapopaswa kuuliza: mpaka umepita wapi, nani amehudhuria mkutano wa kijiji, ng'ombe watakunywa wapi kiangazi? Swali hilo likiulizwa baada ya askari kupiga kambi, si usimamizi tena, ni matanga. Mwezi Januari mwaka huo huo Rais Magufuli aliagiza vijiji vilivyomo katika maeneo ya hifadhi visiondolewe. Agizo lilileta nafuu, lakini nafuu hiyo ilitoka Ikulu. Umma wenye kamati zake za Bunge haupaswi kungoja huruma.

Mahali pa tatu ni umoja wa jambo lenyewe. Mwaka 2013 wanyamapori walikuwa chini ya kamati moja, mifugo na uvuvi chini ya nyingine. Lakini mwananchi wa Muleba, mwenye kibanja cha migomba na kahawa mlimani, ndama bondeni kuelekea Burigi na mtoto anayevua kisiwani, ni mtu mmoja.

BUKOBA HAIANZI LEO

Watu wa Bukoba si wageni wa somo hili. Mwaka 1937 amri za wakoloni juu ya utunzaji wa mibuni zilizusha ghasia. Wakulima hawakuichukia kahawa. Ilikuwa mali yao. Walikataa kuamrishwa juu yake kama watoto. Nyarubanja nayo, ambayo ilimfanya mtu alime kwa hisani ya bwana, ilivunjwa kwa sheria za mwaka 1965 na 1968. Uhuru ulimaanisha kwamba anayeishi kwa ardhi na maji asiishi tena kwa hisani. Dola ya wananchi isikubali kukaa katika kiti alichokalia bwana.

Na sisi makada tujikosoe. Tangu mwaka 1992 Chama hakishiki hatamu kwa maandishi ya Katiba, lakini kina wanachama katika kila mwalo na wengi Bungeni. Tokomeza ilipopita, matawi mangapi yaliandika yaliyotendeka na kuyapeleka kwa Mbunge kabla ya kamati kuja kuuliza? Kamati hupata nguvu kwa taarifa za walio chini. Tawi lililonyamaza haliwezi kuilaumu kamati iliyochelewa.

Kwa hiyo kazi ni hii. Kila tawi la mwaloni na la mpakani mwa hifadhi lijifunze kanuni zinazolihusu, lizijadili pamoja na vibarua wa uvuvi na si matajiri wao tu, na limpe Mbunge maswali kabla ya kikao cha bajeti. Bunge limekwisha kuonyesha kwamba linaweza kumwondoa Waziri. Bado halijaonyesha kwamba linaweza kuizuia operesheni mbaya isianze.