Gitaa la Mbao Iliyobunguliwa

Mtu aliyezoea taarab akisikia kwa mara ya kwanza gitaa la roki nzito, huangalia kama spika imepasuka. Nimeliona hilo mara nyingi hapa Tononoka, Mombasa. Mtaa wetu, ulio karibu na Mwembe Tayari, haujapata kupungukiwa na muziki. Kuna harusi, kuna shughuli za ukumbini, kuna mikutano ya siasa uwanjani na spika zake zilizopandana, kuna muziki wa bango wa Mzee Ngala, kuna matatu zinazopita na rege. Gitaa linalokwaruza halikupata kibali katika orodha hiyo. Huambiwa ni kelele, huambiwa ni hasira za vijana wa Kizungu, na wapo wanaolitaja jina la Ibilisi kabla wimbo haujafika katikati.

Mimi nausikiliza muziki huu kwa sikio la mpenda kazi za mikono. Hasira imo, sikatai, lakini hasira peke yake haiwezi kujaza dakika arobaini za albamu. Baada ya nyimbo mbili inachosha. Albamu za roki nzito ninazozirudia mwaka baada ya mwaka ni zile ambazo ndani yake nasikia mtu aliyekaa, akajaribu, akafuta, akarudia, hadi sauti ikasimama alivyotaka. Uzito wa muziki huu hujengwa hivyo.

Tuanze na chanzo chenyewe. Tony Iommi wa Birmingham alikuwa na miaka 17, akifanya kazi kwenye kiwanda cha mabati, mashine ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia: cha kati na cha pete. Ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Naye ni mtu wa shoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi. Wengi wangeliweka gitaa chini. Yeye aliyeyusha chupa ya plastiki, akaifinyanga vikofia vya vidole, akavisugua kwa msasa hadi vikamkaa, kisha akavigandisha vipande vya ngozi kutoka koti kuukuu ili visiteleze. Nyuzi za kawaida zilimuumiza, akatafuta nyembamba, akatumia hata za banjo. Baadaye akazilegeza ziwe laini zaidi kubanwa, na zilipolegezwa zikatoa sauti nzito ya chini ambayo tangu hapo maelfu ya vikundi vimeifuata.

Albamu ya kwanza ya kundi lake, Black Sabbath, ilirekodiwa kwa siku moja, Oktoba 1969, ikatoka Februari 1970. Watu huipenda zaidi Paranoid, iliyofuata mwaka huohuo. Mimi naiweka mbele Master of Reality ya 1971. Humo nyuzi zimeshushwa nusu-toni tatu katika sehemu kubwa ya nyimbo, besi ya Geezer Butler ikashuka pamoja nazo, na kundi zima likajifunza kutokuwa na pupa. Sikiliza jinsi wimbo wa mwisho, Into the Void, unavyochukua muda wake kabla ya sauti ya mwimbaji kuingia. Kila noti imeachiwa nafasi ya kuanguka hadi chini.

Lakini albamu ninayoitetea kuliko zote ni Queen II, iliyotoka Machi 1974. Watu wa pwani humtaja Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, kwa kuwa ni wa kwetu: Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe wa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa keshia wa mahakama, ambaye familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Siku hizi Shangani kuna jumba la makumbusho lenye jina lake. Hayo ni mazuri. Ila ningependa tujivunie pia kazi yake, na kazi yake haiwezi kusikika vizuri bila ya kumjua aliyesimama kando yake na gitaa.

Brian May hakununua gitaa lake. Alilitengeneza nyumbani pamoja na baba yake, Harold, kuanzia mwaka 1963, kwa muda unaokaribia miaka miwili. Shingo ilitoka kwenye mbao ya mkangazi iliyokuwa sehemu ya meko ya kale ya kuotea moto. Mbao hiyo ilikuwa imebunguliwa, naye akaziba matundu kwa njiti za kiberiti. Nukta za kuonyesha nafasi za vidole ni vifungo vya chaza kutoka kwenye vitu vya kushonea vya mama yake. Springi za wenzo unaoyumbisha sauti zilitolewa kwenye vali za pikipiki kuukuu, na ncha ya wenzo wenyewe ni ya sindano ya kufumia. Gharama zote zilikuwa kama pauni 8. Badala ya risha ya plastiki hupiga kwa sarafu ya peni sita ya Kiingereza, kwa sababu ukingo wake wenye meno huuma uzi kidogo kabla haujaachia.

Mpiga besi wao, John Deacon, naye aliokota kipande cha saketi kilichotupwa kwenye jaa, akakitia ndani ya boksi la spika ndogo, kikawa amplifaya inayotumia betri. May aliipenda mno, kwa sababu gitaa likipita humo hutoka na sauti ya filimbi, au fidla, au tarumbeta, kutegemea mkono unavyokwenda. Fundi redio yeyote wa Mwembe Tayari angewaelewa vijana hawa bila mkalimani.

Sasa sikiliza wanachofanya na vyombo hivyo. Queen II ilirekodiwa hasa Agosti 1973 katika studio ya Trident, London, kwenye utepe wenye njia 16. Inafunguliwa na Procession, kipande kifupi kisicho na maneno. May anapiga sauti ya kwanza, anairudisha tepu, anapiga ya pili juu yake, kisha ya tatu, hadi gitaa moja linakuwa msafara mzima. Kwa masikio yetu hii ni bashraf: ala zinatangulia, zinaitengeneza hewa ya ukumbi, na mwimbaji anasubiri zamu yake.

Nilimwekea kipande hicho mzee mmoja wa jirani, mpigaji udi wa siku nyingi, ambaye hakuwa na haja yoyote na roki. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

“Hawa ni wapigaji wangapi, mwanangu?”

“Ni mmoja, mzee.”

“Mmoja vipi? Yule wa chini na yule wa juu hawapumui pamoja.”

Nikamweleza habari ya tepu. Akaniambia nirudishe mwanzo, na safari hii akawa anazihesabu sauti kwa vidole juu ya goti. Hakusema kwamba ameupenda muziki. Alisema kwamba aliyeufanya ana masikio, na kwa mtu kama yeye hiyo ndiyo sifa ya juu.

Upande wa kwanza wa sahani ile waliuita mweupe, na karibu wote ni utunzi wa May. Wimbo mmoja tu, wa mwisho, ni wa mpiga dramu, Roger Taylor. Upande wa pili ni mweusi, na nyimbo zake zote ni za Mercury. Hapo ndipo mtoto wa Unguja anapoonyesha anavyoweza kupanga mambo. Ogre Battle inaanza kwa mwisho wake uliogeuzwa kinyumenyume, hivyo kwamba wimbo unaingia kama unavutwa kutoka upande wa pili wa ukuta. Unaofuata umetokana na mchoro wa Richard Dadd, mchoraji aliyefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, ambaye alikaa na picha moja tangu 1855 hadi 1864. Picha hiyo ina urefu wa sentimita 54 hivi kwa upana wa 39, na ndani yake mna vijitu vingi visivyohesabika, kila kimoja na vazi lake, kila kimoja na uso wake. Mercury aliwapeleka wenzake kuitazama ilikotundikwa London. Kisha akaitungia wimbo usiozidi dakika tatu, uliojaa vivyo hivyo: vinanda, sauti za juu zinazokatizana, gitaa linalochungulia na kujificha. Ukiusikiliza mara moja utaona ni vurugu. Usikilize tena ukifuata sauti moja tu, halafu nyingine, na utagundua kwamba hakuna iliyowekwa kwa bahati.

Baada yake huja kipande cha piano chenye huzuni, kisha The March of the Black Queen, dakika sita na nusu, na hapo mimi husimamisha shughuli zangu. Kuna mahali ambapo midundo miwili tofauti inakwenda sambamba bila kugongana. Aliyekulia kwenye chakacha hapotei hapo, mwili wake umeshazoea kuhesabu mbili na tatu kwa wakati mmoja. Waandishi kadhaa wa Uingereza waliibeza albamu hii ilipotoka. Dunia nzima ikaja kuisifu A Night at the Opera ya 1975 na wimbo wake mkuu, Bohemian Rhapsody, ambao sauti zake zilirekodiwa moja juu ya nyingine mara nyingi hata utepe ukachakaa. Ni wimbo mkubwa. Hata hivyo kila ufundi uliomo ulikwisha kujaribiwa katika upande mweusi, tena pasipo kitulizo chochote kwa msikilizaji, na mimi napenda zaidi kazi ya fundi anapokuwa bado anashindana na mbao.

Sheer Heart Attack, ya Novemba 1974, ni nyepesi zaidi, ingawa ina Stone Cold Crazy, wimbo wa dakika mbili na kidogo ambao Metallica waliupiga upya na kushinda nao tuzo ya Grammy mwaka 1991. Hapo ukoo unaonekana wazi.

Na kwa kuwa nimewataja Metallica: albamu yao ninayoishika ni Master of Puppets ya 1986, iliyorekodiwa Copenhagen. Yule mzee wa udi alinifundisha kuangalia mkono wa risha kabla ya mkono wa shingo, na James Hetfield ni mtu wa mkono wa risha. Mpigaji wa kawaida hupitisha risha ikishuka na kupanda, maana ndiyo njia ya kupunguza kazi. Hetfield hushusha tu. Katika wimbo uliobeba jina la albamu mwendo unazidi mapigo 200 kwa dakika, naye katika sehemu kubwa anagusa uzi mara mbili kwa kila pigo, kila mguso ukitoka juu kwenda chini. Kinachopatikana ni usawa: kila noti ina uzito uleule, ukingo uleule. Kisha anairudia sehemu nzima kwenye njia nyingine ya utepe, sawasawa na ya kwanza, ili ukuta uwe mnene. Albamu yao nyeusi ya 1991 iliuzwa zaidi kwa mbali, na mlio wake ni safi, lakini mkono ule umepumzishwa mno.

Sisi wa Mombasa tulikuwa na njia yetu ya kufikia mlio mkali kabla ya kaseti za roki kutufikia. Tashkota, ala ya Kijapani iliyobuniwa Nagoya mwaka 1912 na Goro Morita, ilipata makao katika taarab ya Mombasa. Mkono mmoja unabonyeza vibonye kama vya taipureta, mwingine unachapa nyuzi za chuma. Katika muziki wa Zuhura Swaleh ilipewa nafasi ya mbele, na ikiunganishwa na amplifaya hukata kwa namna ambayo mpenzi wa roki nzito ataitambua papo hapo. Kwa hiyo wanaoniambia kwamba sikio la pwani halina nafasi ya mlio huu, mimi huwaomba wakumbuke harusi za mama zao.

Kenya yenyewe ina wapigaji wake, ingawa kitovu ni Nairobi. Wawili kati yao, Martin Khanja na Sam Karugu, waliunda Duma, na albamu yao ya jina hilohilo ikatolewa Agosti 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Dramu ni za mashine, zinakwenda kasi kupita mkono wa binadamu, na gitaa la Karugu limesagwa hadi limekuwa karibu na mlio wa mtambo. Juu yake Khanja anapiga ukelele. Ukelele huo nao ni ufundi: unatoka tumboni, unaendeshwa na pumzi, na asiyejua kuupanga huchana koo kabla ya wimbo wa tatu. Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, akatoa The Adept chini ya lebo yake mwenyewe, Haekalu, akiwa na watayarishaji wengi wa nchi mbalimbali.

Kati ya hizo mbili naichagua Duma. The Adept ina sauti nyingi za kushangaza, na koo la Khanja limekomaa zaidi, lakini kila mtayarishaji amekuja na chumba chake, na msikilizaji anahamishwa kabla hajakaa. Duma ina chumba kimoja, giza moja, na watu wawili walioamua mapema nini wasikiweke. Nyakati chache ambapo gitaa linabaki karibu peke yake ndizo zinazonionyesha Karugu ni mpigaji wa namna gani, na ningependa angezirefusha.