Jembe la Adhabu

Shuleni kwetu, hapa Tukuyu, kujitegemea kulikuwa na ratiba isiyoandikwa popote. Ukichelewa, unalima. Ukiongea Kinyakyusa darasani, unalima. Ukifeli jaribio la hisabati, unabeba samadi hadi kwenye migomba ya mwalimu. Waliofaulu walisamehewa. Mimi nilikuwa nafaulu, kwa hiyo nilimaliza darasa la saba nikiamini kwamba jembe ni la wajinga.

Wiki hii nimesoma upya Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, kijitabu cha Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha. Nilikifungua kwa hasira, nikitafuta mahali panapomruhusu mtu kutubebesha samadi. Sikupaona. Mwalimu anataka shule iwe na shamba, ndiyo, lakini anataka wanafunzi washiriki kupanga kazi, waweke hesabu, waone uzembe wao ukiwapunguzia mavuno, na washiriki kuamua faida itumikeje. Sisi hatukuwahi kujua zile ndizi ziliuzwa shilingi ngapi. Nusu ya kitabu inayodai jasho ilifika Rungwe salama. Nusu inayodai daftari la hesabu iliharibikiwa na gari njiani, labda pale Uyole.

Hapo nakitetea. Lakini nina ugomvi nacho pia. Kinasema elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe ngazi tu ya kupandia sekondari, kwa kuwa walio wengi wataishi vijijini wakilima. Kwa nafasi za sekondari zilizokuwepo 1967, alikuwa mkweli. Ila aliyeandika alikuwa amepita Makerere na Edinburgh, na mzazi yeyote mwenye macho aliona nani anaambiwa abaki shambani na nani anasema. Mama yangu hajakisoma kitabu hiki. Amekijibu kwa kuuza ndizi na maziwa miaka yote.

Jibu lake ndiyo mimi: shahada moja, na mwaka wa tatu niko nyumbani.

Sasa ni zamu ya mdogo wangu wa kike. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka mikondo miwili sekondari, wa jumla na wa amali, na yeye anataka amali, asomee umeme. Mama hataki hata kusikia. "Nimeuza maziwa ili mwanangu akapande nguzo?" Anataka mimi, msomi wa nyumba, nimkanye.

Nimkanye kwa mfano wa nani? Mtoto wa baba mdogo anachomelea mageti karibu na stendi. Kipato chake kinanipita mbali, ingawa kunipita mimi si kazi. Lakini mvua za huku mnazijua, umeme unakatika, macho yanamuuma, na bima hana. Mwezi uliopita alikuja usiku na karatasi: mteja mmoja alitaka makadirio ya grili arobaini, kwa maandishi. Tukakaa mezani. Yeye alijua zitaingia nondo ngapi, mimi nilijua kuandika barua. Alipiga hesabu ya vyuma, umeme na usafiri, akanyamaza. Nikamuuliza, na siku zako za kazi je? Alikuwa ameziandikia sifuri. Tulibishana hadi saa sita usiku, maana hata mimi, na chuo chote kile, sikujua siku ya fundi inahesabiwaje.

Kile kijitabu kinasema mengi kuhusu jasho na machache kuhusu bei yake. Mkondo wa amali nao utaurithi upungufu huo ukiwa ni wa kuchomelea na kuunganisha nyaya peke yake. Na ukigeuka mahali pa kuwatupa waliofeli, itakuwa ile samadi tena, safari hii kwa cheti.

Ndugu yangu aliipata kazi ya grili. Alinipa elfu kumi, na Mama aliiona ikiingia mfukoni mwangu.

Jumapili nitamwambia amwache mtoto akasome umeme. Mdogo wangu nimeshamwambia: siku atakayopewa jembe kwa sababu amefeli jaribio, anipigie simu.