Vioo Milioni Mbili Uchochoroni Shangani

Yakhe, mwanga huu! Baada ya Isha tuliiweka projekta juu ya baraza, tukaielekeza kwenye ukuta wa chokaa wa nyumba ya mbele, na uchochoro mzima wa Shangani ukageuka sinema. Mashine yenyewe inaenea kwenye mkoba. Watoto walishakaa chini kabla picha haijatulia.

Kinachonitia wazimu ni chipu iliyo ndani. Mshazari wake ni kama milimita 12 tu, nayo imebeba vioo 2,073,600 vya aluminiamu, kila kimoja hakifiki mikromita 6 kwa upana. Na vyote vinacheza! Kila nukta ya picha ina kioo chake. Umeme ukikivutia upande mmoja, kinainama nyuzi 17 na kuurusha mwanga kwenye lenzi. Ukikivutia upande wa pili, mwanga unamwagwa pembeni na nukta inazimika. Hakuna katikati. Kijivu kinapatikana kwa muda: kioo kinapinduka maelfu ya mara kwa sekunde, na kadiri kinavyoelekea lenzi kwa muda mrefu zaidi, ndivyo nukta inavyong'aa. Taa nyekundu, ya kijani na ya buluu zinapokezana, jicho linazichanganya. Subhanallah, ule uso wa mwigizaji pale ukutani ni vioo vinavyotikisika!

Larry Hornbeck wa Texas Instruments alivumbua chipu ya namna hii mwaka 1987, na mwaka 2015 Hollywood ikampa Oscar kwa kazi hiyo. Alistahili mapema zaidi.

Nyeusi ya projekta hii ina ukungu kidogo, na ukizungusha macho haraka utaona michirizi ya rangi. Nasamehe yote. Na vioo vimezibwa chini ya kidirisha angavu cha chipu, kwa hiyo vumbi la chokaa halivifikii.

Na hii sinema ni mwanzo tu! Google tayari inatumia vioo vidogo vinavyogeuka kwenye vituo vyake vya data, kuuhamisha mwanga wa faiba kutoka njia moja hadi nyingine bila kuugeuza umeme kwanza. Maabara sasa zinasogeza wazo hilo hadi ndani ya chipu ambazo kinachopita humo ni mwanga wenyewe. Fikiria intaneti ya visiwani ikielekezwa hivyo!

Inunueni projekta ya namna hii, wapenzi wa picha. Yangu inakwenda Makunduchi Jumamosi. Betri imejaa, na ukuta wa skuli tumeshaupata.