Pongezi kwa Watunza Makaburi

Sisi wa Port Reitz tunamtaja marehemu kila tunapopanda matatu. John James Reitz, luteni wa jeshi la majini la Uingereza, alifika Mombasa 1824. Homa ikamwua mwaka huohuo. Jina likabaki kwenye ghuba, hospitali na shule. Mwenyewe wangapi wanamjua?

Afadhali Rosina Krapf. Alifariki Julai 1844, kichanga chake kikamfuata baada ya siku chache, wakazikwa bara, upande wa Nyali. Mumewe, mmisionari Ludwig, amelala Korntal, Ujerumani, alikozikwa pia Johannes Rebmann, mwenzake wa Rabai. Mke huku, mume kule.

Lakini kaburi halidumu kwa umaarufu wa aliyemo. Linadumu kwa mtu mwenye panga anayefyeka majani masika yakishapita, akasugua kuvu kwenye jiwe kwa brashi na maji, taratibu, herufi zisilike. Ndugu yake ni mchimbaji anayechonga mwanandani kwa sururu, akipima kwa shubiri zake, na jeneza liko njiani. Hao hawaandikwi popote. Ukiwapitia, wasalimie, ukiwa na chochote cha chai, wape.