Matigari si dondoo

Wasomaji wa Taifa Leo wanazijua dondoo, zile habari fupi za hapa na pale ambazo wengi wetu huzisoma kabla ya siasa, na siku nyingine badala ya siasa. Juu pana jina la mtaa au soko. Chini yake yupo polo, au kalameni, au jombi, aliyefanya jambo la kipuzi. Yupo kidosho aliyemgundua. Yupo mdokezi ambaye kwa bahati alikuwa hapo karibu. Na zipo duru, ambazo kazi yao duniani ni kuarifu. Polo kavamia boma usiku kuiba kuku, kumbe boma ni la baba wa mchumba wake, na kesho yake ndiyo siku ya kupeleka posa. Hiyo nimeitunga mimi, lakini ukiikuta gazetini kesho hutashangaa. Mwisho nao hauchelewi. Polo anaondoka shingo upande, ama haijulikani kilichofuata.

Mimi ni mpenzi wa dondoo, na sioni haya kusema hivyo mahali pa fasihi kama hapa. Kukiweka kinaya katika aya tano bila kukieleza ni kazi. Tena kuna huruma fulani katika kutotaja majina: kijiji kitajua ni nani, lakini nchi nzima haitajua. Polo atachekwa wiki moja, kisha ataendelea na maisha yake.

Shida ni kwamba tumelizoea umbo hili mpaka kila kinaya cha nchi yetu tunakimimina humo, hata kile kisichotosha. Na sijui kisa kilichopunjwa na tabia hii kuliko cha Matigari.

Unakijua bila shaka. Kinasimuliwa katika kila darasa la fasihi, na mwaka 2025 Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki kilisimuliwa tena kila mahali. Mwaka 1986 Heinemann ya Nairobi inachapisha riwaya ya Kikuyu, *Matigari ma Njirũũngi*. Ngũgĩ yuko uhamishoni London. Kufikia Januari 1987 majasusi wanapata habari kwamba wakulima wa eneo la kati wananong'ona juu ya mtu aitwaye Matigari, anayezunguka nchini akiuliza maswali kuhusu ukweli na haki. Amri inatoka: akamatwe. Polisi wanasaka, kumbe mtu mwenyewe yumo kitabuni! Februari wanavamia maduka ya vitabu na kukamata nakala badala yake. Kicheko. Shingo upande.

Ni dondoo kamili, ila polo wa safari hii ni serikali. Hata mdokezi yupo: anayetupa kisa hiki ni Ngũgĩ mwenyewe, katika maelezo yaliyotangulia tafsiri ya Kiingereza ya 1989, kazi ya Wangũi wa Goro. Mtu aliyenyang'anywa kitabu anasimulia jinsi walionyang'anya walivyo wajinga. Ana haki, na ana ustadi. Lakini sisi wahakiki tumekipokea kisa kama kilivyo, tukakiweka mwanzoni mwa insha zetu kama kachumbari, na mara nyingi hatufiki kwenye nyama.

Tuanze na kile kicheko chenyewe. Tunacheka kwa sababu polisi hawakujua kusoma: walichukua hadithi wakadhani ni habari. Sasa fungua riwaya. Matigari, ambaye jina lake linabeba maana ya mabaki ya risasi, anatoka msituni baada ya vita vya ukombozi, anaficha bunduki yake chini ya mgumo, anajifunga mshipi wa amani na kurudi kudai nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Nyumba imerithiwa na mtoto wa mlowezi pamoja na mtoto wa mtumishi wa mlowezi. Anaanza kuuliza: ukweli na haki viko wapi nchi hii? Jina lake linasambaa. Watu wanabishana, ni mrefu au mfupi, ni mwanamume au mwanamke, au labda ni Yesu aliyerudi. Redio ya serikali, Sauti ya Ukweli, inakatiza simulizi kutoa taarifa zilizopinda. Kuna gazeti lenye jina la kasuku na maprofesa wa taaluma ya ukasuku. Na serikali ndani ya riwaya inafanya nini? Inamsaka mtu ambaye hakuna anayeweza kusema kwa hakika yukoje.

Maana yake ni kwamba kile kioja cha 1987 kilikuwa kimekwisha kuandikwa. Ngũgĩ aliitunga riwaya hii London mwaka 1983, na polisi wakaja kuiigiza baadaye, bila mazoezi, bila malipo. Naona basi hawakuwa wasomaji wabaya hivyo. Walielewa kitu ambacho mtihani wa fasihi hauulizi: kwamba jina likishaingia vinywani mwa watu, swali la kama mwenye jina ana kitambulisho au hana ni swali dogo. Walipokosea mtu, hawakurudi ofisini wakicheka. Walikwenda madukani.

Hapo ndipo dondoo inakatika. Kilichofuata kinajulikana vizuri sana: kwa karibu miaka kumi riwaya hiyo haikuuzwa nchini. Lugha aliyoichagua mwandishi ili asomwe na mkulima wa Limuru na Kiambu ilibaki bila kitabu, huku Kiingereza cha mwaka 1989 kikisomwa vyuoni ng'ambo. Kinaya hicho hakichekeshi mtu, na labda ndiyo sababu hakisimuliwi.

Tena tazama Februari yenyewe. Ilikuwa katikati ya msako wa Mwakenya. Vyumba vya chini vya Nyayo House vilikuwa vinatumika, na kwa nini vilitumika leo kila Mkenya anajua. Mfanyabiashara mmoja wa Nakuru alikamatwa mwezi huohuo wa Februari 1987 na akafa akiwa mikononi mwa polisi. Wahome Mutahi, mtu aliyechekesha taifa kila Jumapili kwa safu yake ya Whispers, alikuwa ametiwa ndani mwaka uliotangulia. Vyombo vilivyomsaka mtu wa kubuni vilikuwa vinawapata watu wa kweli bila taabu. Nikisikia kisa kikisimuliwa bila hili nahisi kama nimepewa nusu ya sentensi.

Kuna kisa kingine cha aina hii, nacho ni chetu zaidi kwa kuwa ni cha Kiswahili. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya karatasi iliyouliza *Kenya: Twendapi?*, akatumikia miaka mitatu. Mashairi aliyoyaandika gerezani kwa siri, kwenye karatasi za chooni, yakatoka mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*, na mwaka 1974 yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Kichwa cha habari kinajiandika: afungwa na Kenyatta, atuzwa na Kenyatta! Kwa kweli tuzo ilikuwa mikononi mwa wachapishaji, si ya Ikulu, kwa hiyo mpindo si mkali kama tunavyoupenda. Na mshindi wakati huo alikuwa Dar es Salaam, chuoni, ng'ambo ya mpaka. Kenya ilimtuza mtu ambaye haikuwa naye. Hilo halitoshei kwenye kichwa cha habari, lakini kwangu ndilo linalouma.

Sitaki kuonekana kama ninawanyima watu kicheko. Kwa miaka ile ambayo kitabu hakikuwepo madukani, kisa cha polisi na Matigari kilikuwepo, kikipita baa hadi matatu bila kuhitaji kibali. Huwezi kuvamia duka ukakamata utani. Inawezekana kabisa kwamba wengi walilijua jina kwa njia hiyo pekee, na kwamba kicheko ndicho kilichokifanya kitabu kingojewe. Kwa wakati ule dondoo ilifanya kazi ya rafu ya maktaba. Leo kitabu kipo, sasa kwa nini bado tunabaki kwenye dondoo?

Jambo la ajabu ni kwamba riwaya yenyewe ilikwisha kutuonya, kupitia Guthera. Huyu ni mwanamke ambaye ujanani mkubwa mmoja wa polisi alimpa chaguo: mwili wake, au uhai wa baba yake aliyekamatwa kwa kuwasaidia wapiganaji. Alikataa. Baba akauawa. Maisha yakamsukuma hadi kuuza mwili, lakini akajiwekea amri yake ya kumi na moja: polisi, kamwe. Matigari anapotiwa seli pamoja na mwizi, mlevi, mwanafunzi na wengine waliokamatwa kwa makosa ya umaskini na ya kusema, mlango unafunguliwa usiku na wote wanatoka. Nchi inapagawa. Ni muujiza! Malaika Gabrieli mwenyewe ameshuka! Habari inavuma soko kwa soko, kila msimulizi akiongeza bawa.

Mlango ulifunguliwa kwa ufunguo. Guthera aliupata kwa kuivunja amri yake, kwa askari. Ngũgĩ hatuonyeshi tendo lenyewe. Anatuacha kwanza tufurahie uvumi pamoja na umati, na ni baadaye tu ndipo tunapojua nani alilipa. Mara ya pili kuisoma riwaya hii, zile kurasa za malaika ni ngumu kuzipita, maana unajua Guthera yuko wapi wakati watu wanashangilia.